Muziki wa Hofu

Mtungaji wa muziki wa filamu ni mtumishi wa aina ya hadithi. Filamu ya mapenzi humtaka kinanda laini. Ya kuchekesha, mdundo mwepesi wa kumfuata mtu atelezaye. Ya kutisha, sauti nyembamba isiyotulia. Mtazamaji wa kibanda cha video Gongo la Mboto, hata akifumba macho, aghalabu hutambua kwa muziki ya kwamba mtu yu karibu kufa. Hayo ni mepesi. Neno gumu ni hili: je, yafaa hofu ya vita kutiwa utamu?

Swali hili halina uzito mmoja kila mahali. Usiku wa tarehe 16 Februari, 2011, mabomu yaliyowekwa katika ghala za kambi ya jeshi Gongo la Mboto yalilipuka. Watu zaidi ya 20 walikufa, nyumba zilibomoka, na maelfu wakakimbia makwao. Wengi walipata hifadhi katika Uwanja wa Uhuru. Hapakuwa na ngoma iliyotangulia kuwaonya, wala zumari la kuwaliwaza baadaye.

Muziki wa filamu huonya kabla ya hatari, na kwa mapigo yake huahidi kuwa hatari ina mwisho. Katika mchezo wa Space Invaders wa mwaka 1978, sauti nne tu zilirudiwa, mwendo wake ukizidi kadiri adui alivyokaribia. Mchezaji aliogopa na kuifurahia hofu yake. Hapana dhambi hapo. Hata watoto watishwao na zimwi la bibi huomba hadithi ile ile kesho yake. Lakini zimwi halikumwua jirani wa mtu.

Filamu ya Saving Private Ryan, ya mwaka 1998, haina muziki katika mapigano ya askari wanaotua pwani ya Normandy, ingawa mtungaji wake, John Williams, ni bingwa wa kupandisha mori. Muziki ungalimwonyesha mtazamaji shujaa kabla hajawaona waliokatika viungo.

Mtungaji wa Dar es Salaam atajibu kwamba hulipwa kwa kutunga, na mwenye filamu akikuta dakika tatu tupu atadhani kazi haijaisha. Hoja hiyo ina njaa ndani yake, wala haifai kuchekwa. Hata hivyo, miongoni mwa wasikilizaji wake wamo washtukao mlango ukibamizwa na upepo.

Mtoto aliyekuwa na miaka 10 usiku ule sasa ana umri wa kutunga muziki huo mwenyewe. Akifika penye mlipuko, ngoma zimo tayari ndani ya kompyuta yake, na kunyamaza pia kumo katika uwezo wake.