Watoto Waendapo Kinamasini



Mwalimu akiwatoa watoto darasani kwenda kinamasini, sisi wazazi hunung'unika: "Wamekwenda kucheza tope." Je, ni kweli wamepoteza siku?

Mto Pangani, ulishwao na maji ya milima ya Kilimanjaro na Meru, hupita huku kwetu Mnyuzi ukielekea Hale, ambako nguvu zake zilianza kuzalisha umeme mwaka 1964. Mto ukifurika, matete hupunguza kasi ya maji, tope likatua, na perege na kambare wakapata pa kuzalia. Darasani mtoto huyasikia hayo. Kinamasini huyaona, akiwa na mwalimu na mzee ajuaye mahali penye mamba.

Lakini jambo gumu liko kwetu. Mtoto akirudi atauliza, "Baba, mbona sisi twayachoma matete yale?" Tukimkaripia, tumemfundisha kwamba elimu ni ya mtihani tu. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu mwaka 2000. Mkataba huo hautatujibia nyumbani.

Adamu alipewa bustani kwa kazi mbili: kulima na kutunza. Kulima tunajua. Kutunza, tukubali kuulizwa na watoto wetu.