Burudani ya Leo na Urithi wa Jana Usukumani

Kupenda burudani za wakati wa sasa, yaani Bongo Fleva, singeli, filamu, tamthiliya na mpira, na papo hapo kupenda kwa dhati historia na vitabu vikubwa vya zamani, ni hali ya watu wengi, lakini imezua mashaka kwa karne nyingi. Upande wa dini huuliza kama muda unaotumika kwenye starehe si amana ambayo mja atakuja kuulizwa aliitumiaje. Upande wa falsafa huuliza kama raha zina madaraja, na kama aliyekwisha kuonja ya juu ana sababu yoyote ya kurudi kwenye ya chini. Nchi ya Wasukuma, kutoka kata ya Ngokolo mjini Shinyanga hadi kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, ni mahali pazuri pa kulichunguza swali hili, kwa sababu huko burudani na kumbukumbu zimeishi pamoja tangu zamani.

Ushahidi mkubwa ni mashindano ya ngoma. Wachezaji wa Kisukuma wamegawanyika katika vyama viwili vikuu, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake huhusishwa na mahasimu wawili, Ngika na Gumha, waliosifika kwa ngoma na kwa dawa. Baada ya mavuno, mvua zikishakatika na vumbi likianza kutimka, vikundi viwili huwekwa kwenye uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na vyote hupiga kwa wakati mmoja. Kwa desturi, mshindi hupimwa kwa umati. Watu wako huru kuhama, na anayewavuta wengi ndiye mwenye siku yake. Ndiyo maana manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, hathubutu kuja na nyimbo za mwaka jana peke yake. Hutunga mpya, humsema mpinzani wake, hugusa habari iliyo midomoni mwa watu wiki ile. Wacheza bugobogobo hurusha majembe hewani na kuyadaka bila kuachia mdundo. Wacheza nyoka huingia uwanjani na chatu hai. Kila kitu kimepangwa kumfurahisha mtazamaji wa siku hiyo, asiondoke.

Nyimbo hizo hizo zimekuja kusomwa kama hati za historia. Mtafiti Frank Gunderson, ambaye kitabu chake kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma kilichapishwa mwaka 2010, alizikuta zimebeba habari za wapagazi, wawindaji wa ndovu, askari na wakulima wa pamba. Wimbo uliotungwa ili kumnyang'anya mpinzani watazamaji umebaki kuwa sauti adimu ya watu ambao hakuna karani aliyewahi kuwaandika.

Wamisionari wengi wa mwanzo waliziona ngoma hizi kuwa upagani na kuwakataza waumini, hasa kwa sababu ya dawa walizotumia mamanju kuuvuta umati. Padre David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, alishika njia nyingine. Katika miaka ya 1950, huko Bujora karibu na Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, alijenga kanisa la duara kwa kufuata umbo la nyumba ya Kisukuma, akakusanya ngoma za watemi na vitu vya jadi, mkusanyiko uliokuja kuwa Makumbusho ya Wasukuma. Sikukuu ya Ekaristi ikaunganishwa na mashindano ya ngoma, katika sherehe inayoitwa Bulabo: maandamano ya Sakramenti Takatifu kwanza, kisha Bagika na Bagalu uwanjani. Katika Jimbo Katoliki la Shinyanga, ambalo kanisa kuu lake liko Ngokolo, Padre Donald Sybertz wa Maryknoll alitumia miaka mingi kukusanya methali, nyimbo na hadithi za Kisukuma. Mwaka 1996 yeye na mwenzake Joseph Healey walichapisha kitabu cha teolojia kilichojengwa juu ya masimulizi hayo. Humo Masala Kulangwa, kijana aliyelipasua zimwi Shing'weng'we na kuwatoa watu wote lililowameza, anakuwa njia ya kumweleza Kristo aliyeyashinda mauti. Hadithi iliyosimuliwa jioni ili watoto watetemeke kisha wacheke imepata nafasi ndani ya mafundisho ya imani.

Mapadre hao hawakuishia kuuliza burudani imetoka wapi. Waliuliza inamfanya nini anayeipokea. Swali hilo la pili ndilo alilolishika pia Al-Ghazali (1058–1111) katika Ihya Ulum al-Din. Kwake yeye, sauti nzuri huchochea kile ambacho tayari kimo moyoni, na kwa hiyo hukumu yake hubadilika kulingana na moyo wa msikilizaji, maneno yanayoimbwa na mahali yanapoimbiwa. Hakuhalalisha kila kitu; ala zilizofungamana na ulevi alizikataza. Lakini alikataa kulifunga jambo lote kwa neno moja, na hapo ndipo ulipo uzito wa fundisho lake.

Historia ya Kanisa nayo ina jambo litakalomshangaza yeyote anayedhani kwamba vitabu vya kale viko upande wa utakatifu na burudani za leo upande wa dhambi. Katika karne ya 4 mambo yalikuwa kinyume. Mtakatifu Yeronimo alisimulia jinsi alivyoota yuko mbele ya hakimu wa mbinguni, akashutumiwa kuwa mfuasi wa Cicero, mwandishi wa kale wa Kirumi, wala si wa Kristo, akachapwa viboko. Mtakatifu Augustino, katika Maungamo yake, alijilaumu kwa machozi aliyomlilia Dido, malkia katika utenzi wa Virgil, wakati roho yake mwenyewe ilikuwa mahututi. Vishawishi vilivyowatia hofu ni vitabu ambavyo leo vinafundishwa vyuo vikuu na seminarini kama fasihi ya daraja la kwanza. Mpaka kati ya starehe inayotiliwa shaka na elimu inayoheshimiwa umehama, na utahama tena.

Wanafalsafa walibishana juu ya jambo hili kwa lugha ya vipimo. Mwingereza Jeremy Bentham alishikilia kwamba, kiasi cha raha kikiwa sawa, mchezo mdogo wa watoto una thamani ileile ya ushairi. John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mwaka 1863 kuhusu maadili ya manufaa, alimpinga: raha zinatofautiana kwa ubora, na wanaofaa kuamua ipi ni bora ni wale waliozionja zote mbili. Kanuni hiyo ya Mill ina nguvu kuliko matumizi aliyoifanyia. Inamwondoa kitini msomi anayeidharau singeli bila kuisikiliza, na inamwondoa vilevile kijana anayeziita tenzi za kale mzigo wa mitihani bila kuzifungua. Anayebaki ni yule anayependa zote. Hapo Mill anateleza, kwa kuwa alitazamia kwamba mjuzi wa zote mbili ataipa raha ya juu kipaumbele. Uzoefu hauonyeshi hivyo. Mtu huyo haachi moja kwa ajili ya nyingine. Huipa kila moja saa yake, kama alivyofanya mtazamaji wa Bulabo aliyeanza asubuhi kwenye maandamano na kumalizia jioni uwanjani.

Wala mpaka wenyewe hauko imara. Tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar ilichezwa London mwaka 1599, katika jumba la Globe ambalo mtu wa kawaida aliingia kwa peni moja na kusimama uwanjani muda wote, wakati burudani iliyoshindana nayo ilikuwa kupambanisha dubu na mbwa. Kwa hadhi yake mtaani jumba hilo halikuwa mbali na kibanda umiza cha uswahilini. Mwandishi alifariki mwaka 1616 tamthilia hiyo ikiwa haijachapwa. Ilinusurika kwa sababu waigizaji wenzake wawili, John Heminges na Henry Condell, walikusanya kazi zake katika kitabu kimoja mwaka 1623. Miaka 340 baadaye, mwaka 1963, ikatoka kwa Kiswahili, mfasiri akiwa Julius Nyerere. Ni Nyerere huyohuyo ambaye Desemba 1962, akihutubia kama Rais wa kwanza, alisikitika kwamba wengi wamejua rumba na dansi za Kizungu huku ngoma za kwao hawazijui. Wapo wanaoona hapo mgongano. Kwa haki, alichokililia ni watu kukosa cha kwao. Aliyekuwa na cha kwake alimruhusu kumiliki cha wengine pia, na yeye alianza.

Pwani ya Waswahili ina mifano ya namna hiyo. Mashairi ya Muyaka bin Haji yalikuwa habari motomoto za Mombasa kabla ya mwaka 1840: kejeli za kisiasa, mapenzi, ugomvi wa mitaa. Yamefika leo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka vinywani mwa watu na kuyakabidhi kwa mmisionari W. E. Taylor. Diwani yenyewe ikachapwa mwaka 1940, karne nzima baada ya mtunzi kufa. Siti binti Saad wa Zanzibar alikuwa nyota wa santuri, aliyerekodi Bombay kuanzia mwaka 1928, na aliyeandika wasifu wake ni Shaaban Robert, mshairi aliyeshika kanuni za kale kuliko wengi. Hakuona aibu kuikalisha kalamu yake mbele ya mwimbaji wa taarab. Muhammed Said Abdulla naye alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, riwaya ya upelelezi ya kusomwa kwa pumzi moja. Leo hakuna historia ya riwaya ya Kiswahili inayoweza kuiruka.

Kinachoitwa fasihi ya kale, basi, kwa sehemu kubwa ni burudani ya jana iliyopata mtunzaji. Hii haina maana kwamba kila wimbo unaovuma leo utakuwa urithi. Nyingi zitapotea, na nyingine zinastahili kupotea. Ina maana tu kwamba thamani haisomwi kwenye tarehe.

Kanda ya Ziwa inaendelea kulithibitisha hilo. Fid Q, msanii wa hip hop na mwana wa Mwanza, aliipa albamu yake ya mwaka 2004 jina la Vina Mwanzo, Kati na Mwisho, na kila aliyewahi kufundishwa vina vya kati na vya mwisho darasani anaelewa amegusa nini. Waimbaji wa Kisukuma kama Nelemi Mbasando na Bhudagala husambaa kwa video za simu, na nyimbo zao, ambazo watu huziita za asili, zimo pia kwenye memori kadi na spika za magulioni. Mwigizaji wa filamu Steven Kanumba naye alizaliwa Shinyanga mwaka 1984. Alipofariki Aprili 2012, akiwa na miaka 28, maelfu ya watu walifurika viwanja vya Leaders jijini Dar es Salaam kumuaga. Filamu za kizazi chake zilibezwa kwa kuiga Nigeria, na sehemu ya lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo nyingi zilisimama juu ya msingi wa ngano: uovu hufichika, hufichuka, hulipwa. Aliyekulia kwenye hadithi za Shing'weng'we hakuhitaji kufundishwa kuzitazama filamu hizo.

Kuna pingamizi moja ambalo halijibiki kwa urahisi, nalo ni la muda. Mtazamaji wa ngoma aliweza kuvuka uwanja, na jua lilipozama mashindano yalikwisha. Video za simu hazina machweo. Moja ikiisha nyingine imeshaanza, na anayezipanga hayupo uwanjani wala hamjui mtazamaji. Kitabu kirefu hakina nguvu ya kushindana na hilo. Kinahitaji mtu aamue. Hapa onyo la dini juu ya muda kama amana lina haki kuliko onyo lake juu ya aina ya burudani. Shule nazo zina sehemu ya lawama, kwa kumfanya mwanafunzi asome vijitabu vya uhakiki na kuacha riwaya yenyewe, hata achukie asichokijua.

Hasara ya kukosa mtunzaji inaonekana wazi kwa Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliotafuta mtoto, na ndani yake akaweka kila alichokijua juu ya kilimo, uvuvi, uganga, pombe, ndoa na adabu za watu wake. Hakupatikana mchapishaji. Akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata alifariki. Miaka 35 muswada wa moja ya kazi kubwa kuliko zote zilizotoka Kanda ya Ziwa ulikaa ukisubiri, na moto mmoja ungetosha kuumaliza.

Kazi za leo ziko katika hatari ileile: kanda za mamanju, santuri, video zilizomo kwenye simu ambayo kesho itaibiwa au kufa. Mpenzi wa historia asiyejali burudani hatajua kipi kinavuma, na mpenzi wa burudani asiyejali historia hatakihifadhi. Anayependa vyote viwili ndiye anayefaa kazi hiyo, na mwanzo wake si mgumu. Mwenye kanda ya manju nyumbani aandike juu yake jina la manju, kijiji na mwaka, sasa hivi, wakati wazee wanaokumbuka bado wapo wa kuulizwa.