Wekundu wa Mikoko

Tanzania ina wekundu wa namna mbili unaoonekana kutoka angani, na mmoja umetengenezwa na binadamu. Wa kwanza ni wa Ziwa Natron. Maji yake ya magadi hupata rangi hiyo kutokana na viumbe vidogo mno vinavyostawi penye chumvi nyingi, na msafiri akisimama ufukweni wakati wa kiangazi huuona kwa macho yake. Wa pili ni wa delta ya Rufiji, katika picha za setilaiti za Landsat, ambazo Marekani ilianza kuzirusha mwaka 1972. Katika nyingi ya picha hizo misitu ya mikoko ni myekundu kama pilipili iliyoiva. Mzee wa Kibiti akionyeshwa atacheka: tangu lini mkoko ukawa mwekundu?

Jani lenye afya hurudisha kwa wingi aina ya mwanga ambao macho yetu hayauoni, uitwao infraredi. Setilaiti huupima na kuuandika kwa tarakimu tu. Rangi huchaguliwa baadaye na mtu aliyeketi mezani, na kwa desturi mwanga huo hupewa nyekundu. Hapo mwanasayansi ameshika brashi. Je, anatudanganya?

Mimi naona hatudanganyi. Mchoraji wa Tingatinga akimpaka ndovu buluu hatumshtaki, lakini huyu wa setilaiti amefungwa zaidi. Mikoko ikifyekwa, wekundu hutoweka pale pale ilipofyekwa, na hana ruhusa ya kuurudisha ili picha ipendeze. Sanaa yake imo katika kuchagua rangi. Kiasi chake huamuliwa na majani yenyewe.

Kinachonisumbua ni uzuri wenyewe. Karibu na Santa Cruz, nchini Bolivia, mashamba yamekatwa kutoka vijijini kama miale ya jua, na yakitazamwa kutoka juu mtu angetamani kuyatundika sebuleni. Kila mwale ulikuwa msitu. Tunalolisifu katika picha ile ni ukataji, na sijui jicho lifundishwe vipi lisifurahie.

Tena kuna asiyeonekana. Nukta moja ya picha nyingi za Landsat hufunika mita 30 kwa 30, nayo setilaiti iko kilomita 705 juu. Katika nukta hiyo dungu la mkulima wa mpunga humezwa lote, na mkulima mwenyewe, na watoto wanaofukuza ndege. Mpenda maumbile aliyeko mbali huona tu kwamba wekundu umepungua kaskazini mwa delta; ni rahisi sana kumchukia mtu usiyemwona. Lakini naye anayekanyaga tope kila siku, anayejua kaa wanatoka saa ngapi, hawezi kwa miguu yake kuupima msitu wa miaka thelathini iliyopita. Upendo wa kila mmoja una upofu wake, na ule wa juu, nadhani, ndio wenye kiburi zaidi.

Mwaka 2008 hazina ya picha za Landsat ilifunguliwa bure kwa kila mtu. Kijana wa Kibiti mwenye kompyuta anaweza kuiweka delta ya mwaka 1990 kando ya delta ya juzi, kisha akamwita babu yake amwonyeshe kwa kidole walikokuwa wakikata boriti za kupakia majahazini.