Je, Hadithi ya Kubuni ni Uongo?

Muumini amekatazwa kumshuhudia jirani yake uongo. Je, anaruhusiwa kuandika mambo ambayo hayakutokea? Na akiyachota katika huzuni ya nyumba yake mwenyewe, anaikosea familia yake?

Swali hili limepita hapa kwetu. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Akiwa kijana alitoka Ukerewe, akaja kusoma Seminari ya Rubya, Muleba. Baadaye alirudi kisiwani akaoa. Yeye na mkewe Anna walijaliwa watoto, lakini wote walifariki. Desturi ilimruhusu kuoa mke wa pili. Kwa ajili ya imani yake alibaki na Anna.

Mwaka 1945 alimaliza riwaya kwa Kikerewe, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1980. Humo Bugonoka anadharauliwa na ndugu za mumewe kwa kukosa mtoto, hata wazazi wake wanamchukua. Mumewe, Myombekere, anamfuata ukweni, anatozwa pombe ya ndizi, anailipa na kurudi naye. Hatimaye wanapata watoto wawili, Ntulanalwo na Bulihwali.

Je, Kitereza alidanganya kwa kuwapa watu hao furaha ambayo yeye hakubaki nayo? Tumkumbuke nabii Nathani. Alimsimulia Daudi habari za maskini na kondoo wake mmoja. Kondoo yule hakuwapo, lakini Daudi alijiona humo. Hadithi njema humsitiri mtu na kulifunua tendo. Katika riwaya hii hatumwoni Anna akianikwa. Tunausikia ulimi wa mawifi, na tunautambua kuwa ni wetu.

Lakini kubadili majina peke yake hakumtakasi mwandishi. Akiandika ili kumwaibisha ndugu yake, huo ni umbeya uliovikwa jalada la kitabu.

Kwa upande mwingine, iwe Bukoba mjini au vijijini Muleba, tukitoka jumuiya huwa tunanong'ona: "Yule ni tasa, amelaaniwa." Jina ni la kweli, nyumba ni ya kweli, laana tumeibuni sisi, tukajifanya tunaijua siri ya Mungu. Huo ndio ushahidi wa uongo.

Basi tunaposimulia habari za nyumba fulani, kwa kalamu au kwa mdomo, tujiulize: tunaifunua dhambi ili iponywe, au tunamvua nguo jirani?