Karo si Mkopo

Dawa ya deni ni kulipa. Msemo huu sote tunaujua, na dukani hauna ubishi. Tatizo huanza unapoingia sebuleni, mzazi anapomwambia mwanawe wa kidato cha tatu: "Mimi nimeuza ng'ombe mbili ndiyo usome. Usiniangushe." Hajamtukana wala kumwinulia fimbo. Lakini siku hiyo mtoto anarudi bwenini akiwa na deni.

Swali langu ni hili: je, karo anayolipa mzazi ni mkopo?

Mkopo wa haki huwa na mambo matatu: mkopaji aliyekubali, kiasi kinachojulikana na njia ya kulipa. Mtoto hakuomba kukopeshwa wala hakutia sahihi popote. Kiasi nacho hakijulikani, maana hizo ng'ombe mbili hugeuka zikawa nyumba ya nyanya, karo ya wadogo zake na heshima ya ukoo mzima. Na njia ya kulipa ni moja tu: KCSE, mtihani wa mwisho wa miaka minne, ambamo A ni pointi 12 na E ni pointi 1, na anayekosa C+ hapiti moja kwa moja kwenda kusomea digrii. Jameni, nani kati yetu watu wazima angekubali mkopo wa masharti hayo?

Hapo ndipo msongo wa mawazo unapozaliwa. Kazi nyingi huchosha, na dawa ya uchovu ni usingizi. Deni halilali. Mwanafunzi akipata D ya hisabati katika mtihani wa mwigo, haoni hesabu aliyokosea, anaona ng'ombe. Wapo wanaoogopa siku ya kutembelewa na wazazi kuliko mtihani wenyewe.

Najua mtu ataniuliza: kwani wewe hujui uchungu wa mwana? Si mzazi amejinyima kweli? Amejinyima. Na wapo vijana ambao kukumbuka vidole vya mama vilivyopasuka kwa kuchuma majani chai ndiko kulikowaamsha alfajiri wakasome. Sisemi mtoto afichwe jasho la wazazi wake, au aachwe alale tu. Ninachosema ni kwamba shukrani na deni ni vitu viwili tofauti. Shukrani humtazama aliyetoa. Deni hutazama kinachodaiwa. Mwenye shukrani akianguka mtihani hukimbilia nyumbani. Mwenye deni akianguka hukimbia nyumbani.

Hata sheria haimwiti mtoto mdaiwa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaijumuisha shule ya upili humo. Tangu 2008 serikali hugharamia masomo katika shule za upili za umma, ila bweni, chakula na sare bado ni mzigo wa mzazi. Kama bado tunauza mifugo ili watoto wasome, basi kuna ahadi iliyotimizwa nusu, na wa kuulizwa si kijana wa miaka kumi na sita. Haki ya mtu haigeuzwi mkopo kwa sababu tu ilikuwa ghali kuipata.

Basi mzazi aseme nini? Aseme ukweli wote, si nusu. Nusu ya kwanza ni kwamba ng'ombe waliuzwa na bidii inahitajika. Nusu ya pili, ambayo mara nyingi tunaimeza, ni kwamba waliuzwa kwa sababu wewe ni mwanangu, si ili uwe mwanangu. Soma kadiri ya uwezo wako. Matokeo yakitoka, yawe yoyote yale, njoo nyumbani tule.