Kazi, Shule na Usingizi: Nani Analipa?



Jumapili ile ya shukrani za wahitimu, ndugu yetu mmoja alisimama akatoa ushuhuda. Alisema kwa miaka miwili alifanya kazi ya muda wote na kusoma chuo cha biashara kwa muda wote, na kwamba katika miaka hiyo hakulala zaidi ya saa nne kwa siku. Kanisa zima lilipiga makofi. Akina mama tukapiga vigelegele, na changu kilikuwa kirefu. Nilimfurahia, na bado namfurahia. Lakini nilipokaa kwenye kiti nikajiuliza jambo ambalo sijaweza kuliacha tangu siku hiyo: zile saa nne, tulikuwa tunazishangilia kwa sababu gani?

Nauliza kama mtu aliyeipita njia hiyo. Mimi ni muuguzi, nafanya zamu za usiku, na miaka 40 nimeshaivuka. Kazini, kila nafasi ya usimamizi ilipotangazwa ilikwenda kwa mwenye shahada ya biashara juu ya ile ya uuguzi. Mgongo nao ulianza kuniambia kwamba kunyanyua wagonjwa si kazi ya kuzeekea. Nikajiandikisha kusoma MBA kwa muda wote, na kazi sikuipunguza hata saa moja, kwa sababu kodi ya nyumba haisubiri mahafali, na kule Tanga kuna ada za watoto wa marehemu kaka yangu.

Kabla ya kuanza nilipiga hesabu nyuma ya bahasha. Hapa Marekani krediti moja ya chuo huhesabiwa kuwa saa moja ya darasani na angalau saa mbili za kujisomea kila wiki. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anahesabiwa wa muda wote akiwa na krediti 12, yaani saa 36 kwa wiki. Ngazi ya uzamili vyuo vingi hudai krediti 9, lakini kusoma kwake ni kuzito zaidi, kwa hiyo nikaweka 36 zile zile. Muuguzi wa zamu tatu za saa 12 naye anafanya saa 36. Jumla 72. Wiki ina saa 168. Toa 72, zinabaki 96. Toa 49 za usingizi, saa saba kwa siku, unabaki na 47. Nilimshukuru Mungu. Saa 47! Mtu atashindwaje?

Bahasha haikuwa na barabara ya kwenda na kurudi. Haikuwa na kukwangua barafu kwenye kioo cha gari, wala ile nusu saa ya kukabidhi wagonjwa asubuhi ambayo huwa saa nzima. Haikuwa na mtoto anayeumwa sikio, wala simu ya kutoka nyumbani inayolia saa nane usiku kwa kuwa kwao ni saa tano asubuhi na wamekaa kikao cha harusi. Tena bahasha haikujua kwamba usingizi wa mchana wa mtu wa zamu ya usiku ni wa kuibia ibia, pazia limefungwa lakini masikio yako mlangoni.

Usiku mmoja wa Februari, wiki ya mitihani ya katikati ya muhula, nilikwenda kuandaa insulini ya mzee mmoja. Alitakiwa kupewa uniti 8. Nilivuta 18. Niliitazama sindano, na naapa kwamba niliona nane. Sikuwa mzembe wala sikuwa na haraka. Macho yangu yalisoma kile ambacho kichwa kilitarajia. Pale kazini insulini haitolewi mpaka muuguzi wa pili aikague, na mwenzangu akaniomba kwa upole nihesabu tena. Uniti 10 za ziada zingeweza kumshusha mzee yule sukari mpaka apoteze fahamu, au zaidi ya hapo. Niliandika taarifa ya tukio kama tunavyotakiwa. Asubuhi nikakaa ndani ya gari kwenye maegesho nikalia.

Kilichoniliza si aibu. Ni kwamba yule mzee alikuwa amelala muda wote. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza kama yuko tayari kuchangia shahada yangu.

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walichapisha katika jarida la Nature majaribio ambayo sisi wa hospitali tunapenda kuyataja na hatupendi kuyafuata. Walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, mikono na macho yake hufanya kazi kama ya mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu. Akifikisha saa 24 ni kama asilimia 0.10. Kikomo cha kuendesha gari katika nchi hii ni 0.08, isipokuwa Utah ambako ni 0.05. Sasa fikirini. Mzee wa kanisa akikamatwa anaendesha gari amelewa, tutaitana kikao jioni hiyo hiyo. Akiendesha baada ya kukesha saa 24, kazini na kwenye vitabu, tunampa kipaza sauti.

Naona tumelichanganya hili na sadaka. Tunasema amejinyima, amejitoa. Ni kweli, mwenye kusoma na kufanya kazi anajinyima mengi. Lakini nimekumbuka kisa ambacho nabii Nathani alimpelekea mfalme Daudi, cha tajiri aliyefikiwa na mgeni. Yule tajiri alikuwa mkarimu, mgeni alikula akashiba. Tatizo ni kwamba mwana-kondoo aliyechinjwa alikuwa wa jirani maskini. Mimi nilimkaribisha mgeni wangu, ndoto ya shahada, nikamchinjia kondoo mmoja baada ya mwingine, na nilipokuja kuwahesabu nikakuta wengi hawakuwa wangu.

Alikuwepo yule mzee. Walikuwepo wenzangu wa darasani. Masomo ya biashara yamejaa kazi za vikundi, na sisi tulikuwa watano. Mara mbili wenzangu walimaliza uchambuzi wakaandika jina langu pamoja na yao, kwa sababu walijua nina watoto na nafanya kazi usiku. Nilipata A moja ambayo sikuifanyia kazi. Niliita huruma yao baraka, lakini mmoja wao, kijana mwenye mtoto mchanga, alikuwa amekesha kama mimi.

Na hapa niseme jambo ambalo watu wazima tunalizunguka. Wapo kati yetu wanaolipa mtu awaandikie kazi za chuo. Mara nyingi mwandishi ni kijana wetu, yuko Nairobi, ana shahada yake na hana ajira, anaandika usiku kucha kuhusu masoko ya nchi ambayo hajawahi kukanyaga. Biashara hiyo inajulikana wazi. Ndugu mmoja alipoomba nimtafutie mtu wa namna hiyo, sikumkemea. Nilimwelewa kupita kiasi. Lakini pale ndipo hesabu inapofikia mwisho wake: mmoja anapata cheti cha elimu asiyo nayo, na mwingine ana elimu hiyo na hawezi hata kuitaja kwenye barua ya maombi ya kazi.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nimejijibu mwenyewe hivyo mara nyingi. Maskini hana anasa ya kuchagua. Mama mwenye kazi mbili na watoto watatu hakukaa chini akachagua uchovu. Mwanafunzi mwenye viza ya masomo analazimika kusoma kwa muda wote, na wakati wa muhula sheria inamruhusu saa 20 tu za kazi kwa wiki, tena hapo hapo chuoni, huku bili zake hazijui habari ya viza. Jibu hili nalipokea kwa uzito wote. Mtu aliyebanwa na njaa simwekei mzigo mwingine juu.

Ila mimi sikuwa nimebanwa hivyo, na nashuku wengi wetu hatukuwa. Ningeweza kusoma jioni kwa miaka minne. Niliitaka kwa miwili. Nilitaka nimalize kabla ya wenzangu niliokuja nao, na nilitaka picha ya joho itangulie Krismasi. Haraka ile niliivika nguo ya umaskini ili isiulizwe maswali. Bwana alipozungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, katika Luka 14, alimtaka aketi kwanza ahesabu gharama. Nilikuwa nimeketi na nimehesabu, tena kwa krediti na saa. Nilichoacha kuhesabu ni mfuko wa nani unatoa.

Kanuni za maadili za Chama cha Wauguzi cha Marekani, katika kipengele cha tano, zinasema muuguzi ana wajibu kwa nafsi yake pia. Zamani nilidhani kipengele hicho kimewekwa ili kutubembeleza. Sasa naona ni cha kumlinda mgonjwa.

Niliwaita watoto mezani nikawaeleza, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kujaza fomu. Binti yangu wa miaka 10 hakudai nisiache wala niache. Aliomba Jumapili baada ya ibada mpaka saa kumi na mbili jioni, laptopu ikae chumbani. Ombi lenyewe lilikuwa dogo kiasi cha kunichoma. Nikahamia programu ya jioni, kozi mbili kwa muhula. Nikaenda ofisi ya utumishi kuuliza kitu ambacho sikuwahi kukiuliza, nikakuta mwajiri anachangia ada. Sheria inamruhusu mwajiri kulipia masomo ya mfanyakazi hadi dola 5,250 kwa mwaka bila mfanyakazi kukatwa kodi ya mapato. Waulizeni waajiri wenu, wengine wanatoa na hawatangazi.

Sitawadanganya kwamba Mungu alinilipa papo hapo. Mwezi uliopita ile nafasi ya usimamizi niliyoitolea macho ilijazwa, na aliyeipata amemaliza MBA yake kwa miaka miwili. Bado nina kozi tatu. Nilipompongeza moyo uliniuma, na ukiniuliza leo kama nilifanya sawa, nitakujibu ndiyo, lakini nitanyamaza kidogo kwanza.

Baada ya ibada ile ya shukrani nilimfuata yule ndugu wa ushuhuda nikamwuliza, kaka, katika miaka miwili hii ni nani aliyechoka zaidi? Akacheka. Akasema, "Dada, hilo ungemwuliza mama watoto." Nikaenda jikoni, alikuwa anafunika masufuria ya pilau. Akaniambia muhula wa kwanza waliupanga pamoja, wakauombea. Mihula mitatu iliyofuata hakuulizwa tena, ila aliendelea kubeba. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Nikagundua kwamba kwenye shukrani hakuna aliyemwita asimame, na mimi nilikuwa kwenye kamati iliyopanga ratiba.

Wazee tumezungumza. Sisi nasi ni wadai; mimi mwenyewe nimewahi kumpigia simu dada wa kwaya kumlaumu kwa kukosa mazoezi, kumbe alikuwa ametoka zamu ya saa 16. Kwa hiyo kuanzia Jumamosi ijayo, chumba cha shule ya Jumapili kitakuwa wazi saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana. Akina mama wanne tumejipanga kwa zamu. Leteni watoto, na chakula cha mchana kitakuwepo. Mkishawaacha msije ukumbini kusaidia kupanga viti. Nendeni nyumbani mkalale.