Vijana, malengo ya uongozi ni amana

 

Ndugu msomaji, kila mwanzo wa mwaka vikundi vingi vya vijana wa Kiislamu, vya misikitini na vya mashuleni, hufanya uchaguzi. Huchaguliwa Amiri, Katibu, Mweka Hazina na wakuu wa idara, kisha kila mmoja hutakiwa kuandika malengo yake ya mwaka. Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule ya sekondari, na nje ya saa za kazi ni mlezi wa kikundi kimoja cha vijana hapa Dar es Salaam. Kwa kazi hizo mbili nimesoma malengo mengi. Takriban yote yanafanana: kuimarisha umoja, kuinua kiwango cha elimu, kuendeleza da'awah, kukuza mapato ya kikundi. Ni maneno mazuri na hakuna awezaye kuyapinga. Lakini hebu tujiulize, ifikapo Disemba kiongozi huyu ataulizwa nini? Umoja ulioimarika utapimwa kwa kipimo gani? Lengo ambalo mwenyewe hawezi kuulizwa juu yake ni pambo la karatasi tu.

Uongozi si cheo

Kabla kijana hajashika kalamu kuandika malengo, ajue kwanza ameshika nini. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Abu Dharr (r.a.) alimwomba Mtume (s.a.w.) ampe kazi ya uongozi. Mtume (s.a.w.) akampiga begani kwa mkono wake, akamfahamisha kuwa yeye ni dhaifu kwa jambo hilo, kwamba uongozi ni amana, na kwamba Siku ya Kiyama utakuwa fedheha na majuto isipokuwa kwa aliyeuchukua kwa haki yake na akatekeleza yaliyo juu yake.

Abu Dharr (r.a.) hakuwa mtu wa kutiliwa shaka kwa ukweli wake wala kwa uchamungu wake. Pamoja na hayo aliambiwa kuwa mzigo huu si wake. Kwa mantiki hiyo, si kila kijana mwema anafaa kila nafasi, na si aibu kwa mtu kusema kuwa kazi fulani haiwezi. Aibu ni kuishika kisha kuiacha ilale.

Mpango wa Nabii Yusuf na usia wa Muadh

Wapo wanaodhani kupanga malengo ni jambo la makampuni na wafadhili. Hawa warudi katika Suratu Yusuf. Nabii Yusuf (a.s.) alipoifasiri ndoto ya mfalme hakuishia kusema kuwa njaa inakuja. Alieleza cha kufanya: walime miaka 7 mfululizo, watakachovuna wakiache katika masuke yake isipokuwa kidogo cha kula, kwani itafuata miaka 7 migumu. Hapo kuna muda, kuna kazi, na kuna namna ya kuifanya. Na alipoomba asimamie hazina za nchi alitaja sifa mbili, kwamba yeye ni mlinzi na ni mjuzi. Hakutaja ukoo wala wingi wa wanaompenda.

Hali kadhalika, tutazame namna Mtume (s.a.w.) alivyomtuma Muadh bin Jabal (r.a.) kwenda Yemen, naye akiwa bado kijana. Hadithi hiyo iko katika Bukhari na Muslim. Aliagizwa awalinganie watu kwenye shahada. Wakikubali hilo, awafahamishe sala tano. Wakikubali hilo, awafahamishe zaka inayochukuliwa kwa matajiri wao na kurudishwa kwa mafukara wao. Jambo moja baada ya jingine, wala hakurundikiwa yote kwa siku moja.

Lakini usia ule haukuishia hapo. Mtume (s.a.w.) alimtahadharisha Muadh asichukue kwa watu zile mali zao zilizo bora kabisa, na akamtaka aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwani baina ya dua hiyo na Allah hakuna kizuizi. Yaani alipewa lengo na akawekewa mpaka. Kukusanya zaka ni faradhi, lakini hata faradhi haikusanywi kwa kudhulumu. Sehemu hii ya pili ndiyo inayokosekana katika malengo ya vijana wengi.

Vitabu vilipatikana, wasomaji wakaondoka

Nitoe mfano wa jambo lililotokea katika kikundi ninachokilea. Mweka Hazina wetu, kijana mwaminifu na mchapakazi, aliweka lengo linalopimika: kukusanya shilingi 300,000 kabla ya kuingia Ramadhani ili vinunuliwe vitabu vya darasa la jioni la wanafunzi wa kidato cha nne. Kila mwanachama angetoa shilingi 500 kwa wiki. Siku ya kikao cha tathmini alisimama akasoma taarifa: zimepatikana shilingi 312,000, vitabu vimenunuliwa, na risiti hizi hapa. Takbira ikapigwa.

Kisha akasimama Katibu Msaidizi, binti wa kidato cha tatu, akiwa na daftari la mahudhurio. Akasema kwa sauti ya chini kuwa kuna majina 9 ambayo kwa miezi mitatu hayana alama. Akayasoma moja baada ya jingine. Sita kati ya hao walikuwa wanafunzi wa lile lile darasa la jioni. Kikao kizima kikanyamaza.

Ikabainika kuwa kwenye mazoezi ya Jumamosi, ambayo vijana huyaendesha wenyewe, majina ya wasiolipa yalikuwa yakisomwa mbele ya wote, eti kuwahimiza. Mwenye mia tano yake alicheka. Asiyekuwa nayo aliinamisha kichwa, na wiki iliyofuata hakutokea. Vitabu vipya vikawa kabatini, na waliokusudiwa kuvisoma wako majumbani kwao.

Ndugu zangu, ni nani angelijua hili kama tungesoma taarifa ya fedha peke yake? Lengo lilitimia, tena likapita. Namba hazikusema uongo. Ila tuliuliza kiasi gani kimepatikana, na ilibaki kuuliza kimepatikana kwa gharama ya nani.

Ninalomshukuru Allah (s.w.) ni kwamba yule kijana hakubishana wala hakujikinga na kanuni. Aliyachukua yale majina, na kwa wiki mbili, kila baada ya sala ya Magharibi, alipita nyumba kwa nyumba akiomba radhi. Watano walirudi. Mmoja familia yake ilikuwa imehama. Watatu walimkaribisha vizuri, wakazungumza naye, lakini hadi leo hawajarudi. Tangu hapo mchango unatumbukizwa katika kisanduku, na hakuna ajuaye nani ametoa nini. Fedha imepungua kidogo. Mahudhurio hayajapungua.

Tujihesabu namna gani?

Inajulikana kauli ya Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) ya kuwataka watu wajihesabu wenyewe kabla ya kuhesabiwa. Muhasaba huu vijana wengi wanaujua kwa nafsi zao, katika sala na saumu zao. Unapofika kwenye uongozi wanausahau. Napendekeza mambo machache ambayo kikundi chochote kinaweza kuyafanya bila kuhitaji mfadhili.

Kwanza, kiongozi asiandike malengo zaidi ya matatu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa amali ipendezayo zaidi kwa Allah ni ile inayodumu japo iwe ndogo. Badala ya kuandika "kuinua elimu", andika kuwa wanafunzi kadhaa, ambao majina yao ni haya, watasaidiwa Hisabati kila Jumatano hadi mwezi fulani.

Pili, mbele ya kila lengo kiandikwe kile ambacho hakitafanywa ili kulifikia. Hatutamwaibisha mtu. Hatutakopa bila kujua tutalipa vipi. Hatutachelewesha sala kwa ajili ya mechi.

Tatu, tathmini isingoje Disemba. Kila baada ya miezi mitatu malengo yasomwe mbele ya wanachama, na daftari la mahudhurio lisomwe pamoja na daftari la fedha. Na wapewe nafasi ya kusema wale ambao kwa kawaida hawasemi, wakiwemo mabinti.

Nne, kila kiongozi awe na mwenzake anayejifunza kazi ile. Darasa linalokufa siku Katibu anapokwenda chuo kikuu linaonesha kuwa Katibu alifanya kazi, lakini hakuongoza.

Neno kwa wazee wetu

Wazee na kamati za misikiti nao wana sehemu yao. Mwaka wa 11 Hijria Mtume (s.a.w.) alimweka Usama bin Zaid (r.a.), kijana ambaye hakuwa amefika hata miaka 20, kuwa amiri wa jeshi lenye wakubwa kwa umri na kwa daraja. Watu waliposema juu ya uongozi wake, Mtume (s.a.w.) alimtetea hadharani. Baada ya Mtume (s.a.w.) kufariki, Abu Bakr (r.a.) alilituma jeshi lile lile chini ya Usama yule yule, na alipomhitaji Umar (r.a.) abaki naye Madina, alimwomba Usama ruhusa. Khalifa anamwomba ruhusa kijana!

Sisi vijana wetu tunawaita siku ya kubeba maturubai na kupanga viti. Akishamaliza tunamwambia akae nyuma, wakubwa wanazungumza. Kijana asiyepewa jambo la kweli la kusimamia atajifunzia wapi kuulizwa? Mpeni kazi yenye fedha ndani yake na watu ndani yake, kisha muulizeni kwa upole na kwa ukweli.

Katika Suratul Hashr, aya ya 18, Allah (s.w.) anawaamrisha walioamini wamche Yeye, na kila nafsi itazame imetanguliza nini kwa ajili ya kesho. Kiongozi kijana naye atazame kabla muda wake haujaisha. Katika daftari lake kuna majina ya watu, na kila jina lina mwenye kuliulizia mbele ya Mola wake.